Asante, kaka kiranja wa bweni

Jina lako hatulitaji, ila shukrani zetu wazazi zikufikie. Vijana waliingia kidato cha kwanza, shule ya bweni ya jeshi, hawajui hata kutandika. Ukawaonyesha: shuka ivutwe isibaki mkunjo, pembe zikunjwe kama bahasha, ndipo blanketi. Viatu vifutwe vumbi kabla ya kiwi, la sivyo havingʼai.

Kubwa kwetu ni gwaride. Mgeni akisimama mguu sawa muda mrefu hukaza magoti, damu hubaki miguuni, anazimia. Umewafundisha kulegeza magoti kidogo tu, kuchezesha vidole ndani ya buti, na wasitoke asubuhi bila maji na uji. Wanaolia usiku nao unawasikiliza mpaka watulie. Mungu akubariki sana, mwanetu.