Maonyesho ya Sojourner Truth: maelezo na unyevu virekebishwe

Mhariri,

Ni jambo la kheri kwamba maonyesho ya sanaa ya kumuenzi Sojourner Truth, aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa na haki za wanawake Marekani, yamefika hapa Mombasa. Ila yapo yanayopaswa kurekebishwa kabla shule hazijaanza kuleta wanafunzi.

Kwanza maelezo ya ukutani. Hotuba yake ya Akron, Ohio, ya Mei 1851 imenukuliwa kutoka toleo la Frances Gage, mwanaharakati aliyeongoza mkutano huo, lililochapishwa 1863, miaka 12 baadaye. Humo anasema amezaa watoto 13, tena kwa lafudhi ya watumwa wa kusini. Alizaa 5, na alikulia jimbo la New York akizungumza Kiholanzi kabla ya Kiingereza. Toleo la Marius Robinson, mhariri wa gazeti, lilitoka gazetini Juni 1851, na lile swali maarufu, “Je, mimi si mwanamke?”, halimo. Yatundikwe yote mawili, kila moja na mwaka wake.

Halafu picha zake. Alikuwa akiziuza mikutanoni ili apate riziki, na mwaka 1864 alisajili hakimiliki kwa jina lake mwenyewe, yeye aliyezaliwa mali ya mtu. Zilikuwa kadi za sentimita 6 kwa 10 hivi, za kutia mfukoni. Kuikuza picha hiyo ikawa kubwa kama mlango kunapendeza macho, lakini biashara yake haionekani tena. Iwekwe japo nakala moja ya kipimo chake halisi kwenye kasha la kioo, mtu ainame aone miwani, kofia nyeupe na uzi wa kufumia.

Unyevu ndio unaotutia wasiwasi zaidi. Kuta za mawe ya matumbawe hunywa maji na kutema chumvi, na fremu iliyogusana nazo huota kuvu kwa nyuma wakati mbele bado ni safi. Gundisheni vipande vya kizibo kwenye pembe mbili za chini. Mwanya wa sentimita 1 watosha hewa kupita. Karatasi nayo isiguse kioo. Bila kadibodi ya milimita 2 au 3 katikati, wino hunata, na siku ya kuifungua sura inabaki kwenye kioo.

Kosa baya kuliko yote ni kuwasha kiyoyozi mchana kwa ajili ya wageni na kukizima jioni. Hewa nzito ya usiku huingia, hukuta vioo vingali baridi, na matone huanza kuteremka. Kama bili ya umeme ya saa 24 hailipiki, heri pangaboi peke yake. Taa za kazi za karatasi zisizidi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga).

Ukuta mmoja upewe Frere Town, makazi ya watumwa walioachiliwa hapa Mombasa, yaliyoanzishwa 1875 wakati Truth yu hai, alifariki 1883. New York ilifuta utumwa 1827, mwambao wetu ukangoja hadi 1907. Kengele ya Frere Town ingalipo pale Kengeleni. Ramani ya kufika huko ibandikwe mlangoni, wageni wapitie wakitoka.

Wapenzi wa sanaa na historia,
Mji wa Kale, Mombasa