Hoza, usipande kwanza

Mufindi

Kwako rafiki yangu Hoza,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima, Mama Neema amesharudi kazini. Najua nimekaa kimya mno, lakini habari kwamba umeng'oa migomba yote ili shamba zima liwe chai ya 6/8, ile kloni ninayolima (miti yote imetokana na vipande vya mti mmoja), imeninyima usingizi. Nakuandikia kabla sijakutumia hata kikonyo kimoja cha kupandia.

Unaitaka kwa sababu uliinywa kwangu ukaipenda. Sikulaumu. Ila ule ukali unaokamata ulimi, uliousifu mpaka Kilua akacheka, ni silaha ya mti. Polifenoli, kemikali zinazoleta ukali huo, hushika protini, mdudu anayetafuna jani hapati shibe aliyoitarajia. Kafeini nayo ni sumu kwake. Ndiyo maana vimejaa kwenye majani mawili na chipukizi, pale palipo laini panapotamaniwa na kila mwenye meno. Katika chipukizi changa polifenoli hufikia hata 30% ya uzito mkavu!

Uwezo wa kutengeneza silaha hizo mti huurithi. Chai ya asili ya Assam kwa kawaida ina katekini (aina ya polifenoli) nyingi kuliko ya China, na ile kloni TRFK 306 waliyoitoa Wakenya mwaka 2011 ina rangi ya zambarau kwa urithi wake. Kwa hiyo kikonyo changu kitafika kwako na urithi uleule wa mti mama, hilo halina ubishi. Lakini jani litakalotoka, Hoza, litaumbwa na hali ya huko kwako Amani. Kivuli kikizidi, katekini hupungua. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, kafeini hupanda. Mimi niko karibu mita 1,800, na baridi ya Juni na Julai huchelewesha chipukizi. Wewe uko kama mita 900, joto lipo, jani linakimbia kukua na harufu inapungua.

Wakenya wamepanda kloni zilezile sehemu mbalimbali wakapima. Iliyoongoza kwa ubora sehemu moja ilipitwa na wenzake sehemu nyingine. Hapa kwetu, kwenye kituo cha utafiti wa chai cha Ngwazi nako, kloni zilizopandwa pamoja hazikuupokea ukame kwa namna moja. Sasa wewe shamba zima! Na migomba ilikuwa inakulisha.

Panda mistari michache tu ya 6/8, kando yake weka kloni zinazofanya vizuri huko huko, uchume, ulinganishe. Vikonyo vya mistari hiyo nitakupa bure. Vya shamba zima sikupi, hata ukinuna.

Hebu niambie: kiwanda kinalipa kwa ubora wa jani au kwa kilo tu? Ile migrevilea ya kivuli ya juu bado ipo, au nayo umeikata? Udongo umeupima? Majirani wako wana kloni gani, na mbu wa chai, yule mdudu anayefyonza chipukizi, anawasumbua? Na shemeji anasemaje kuhusu migomba? Nijibu upesi, msimu wa mvua unakuja.

Wako,
Mgaya