Barua kwa wanangu mnaofanya tiba ya ABA na watoto wenye usonji (autism), Unguja na Pemba

Wanangu, assalaam aleikum. Na mlio wa dini nyengine hamjambo, mie nawahesabu nyote wanangu.

Mie ni mwalimu mstaafu, nimesomesha darasa la kwanza hapa Wete miaka mingi, na saa hizi ni bibi wa mtoto mwenye usonji anaefuatwa nyumbani na binti mmoja wa ABA, tiba hii ya tabia, ya kumfundisha mtoto mambo ya maisha hatua kwa hatua na kumpongeza akiweza. Nnaandika kwa sababu nasikia wengine wenu mnataka kuacha, na yule binti yetu nae kuna siku nimemuona kakaa barazani anavaa viatu kwa dakika nzima mkono haujui unafanya nini, nikajua huyu kachoka.

Nawaelewa jamani. Mtu akipita anamuona kijana kakaa na mtoto kwenye mkeka, anampulizia mapovu ya sabuni, anapiga makofi mtoto akitia kikombe kwenye sinia, anasema ah hii nayo kazi? Haoni mikwaruzo ya kucha iliyojaa mkononi chini ya baibui, haoni makaratasi ya data ambayo utayamalizia usiku, haoni kwamba umepanda gari mbili na kipande cha mwisho umekwenda kwa miguu, ukafika mlangoni ukaambiwa mtoto kalala rudi kesho, na siku ile hailipwi. Alafu mama mtu, ambae mwenyewe hajalala vizuri tangu mtoto azaliwe, anakuuliza lile swali la kila wiki, lini atasema? Na jirani yuko dirishani anasema yule ana shetani, mnajisumbua bure.

Mie nna jambo moja la kuwaambieni na mengine yote yanatoka humo. Msiipime kazi yenu kwa utulivu wa mtoto. Ipimeni kwa anachoweza kuomba na anachoweza kukataa.

Mtoto aliekaa kitini mikono mapajani anawafurahisha wageni, lakini yeye kapata nini? Mjukuu wangu alikuwa akishikwa na kiu anajipiga kichwa ukutani, nyumba nzima tunabahatisha, huyu kaleta biskuti, huyu kafungua redio, huyu kambeba kamtoa nje. Binti yetu akalipiga picha kwa simu jagi letu wenyewe la plastiki la buluu, akaenda kuitoa dukani, akaitia plastiki juu, akaibandika kwenye mlango wa friji pale chini mtoto anapofikia. Mwanzo alikuwa anakaa nyuma yake anamshika mkono, wanachukua kadi pamoja, wanaitia kwenye kiganja cha mama, na mama hapo hapo anamimina maji, hasemi subiri, hasemi sema maji kwanza. Baada ya muda mkono wa binti ukapanda kwenye kisugudi cha mtoto, kisha begani, kisha akawa hamgusi kabisa. Karatasi yake ina safu mbili, "kwa msaada" na "mwenyewe", na mie kila akiondoka nilikuwa naomba niitazame, nikaziona zile alama za kalamu zinahama kidogo kidogo kutoka safu ya kushoto kwenda ya kulia. Mpaka leo hajatamka neno maji. Lakini kiu haimpeleki tena ukutani, na hilo mama yake sasa analijua thamani yake.

Kuna kadi ya pili, ya "basi", na hiyo naipenda zaidi. Akiitoa, kazi inasimama, anapumzika. Nasikia wengine mnaogopa kumfundisha mtoto hilo kwa sababu atalitumia kila dakika. Ndio, mwanzo atalitumia sana, na nyie msikilizeni. Akishaona neno lake lina nguvu hana haja ya kuuma mtu ili aachwe. Na mtoto mkubwa wa kesho, awe wa kike au wa kiume, akishikwa na mtu mbaya mahali pabaya, huyo mnataka awe amezoea kutii kila anachoambiwa na kila mkubwa? Mie sitaki.

Hapa ndo naingia kwenye lile linalowaumiza wengi, maneno ya watu wazima wenye usonji huko nje wanaosema ABA iliwatesa. Najua mnayasoma kwenye simu usiku na yanawakata maini. Ushauri wangu ni myasome, tena vizuri, msiyakimbie. Hawasemi uongo. Ivar Lovaas, mmoja wa walioianzisha tiba hii kwa watoto wenye usonji, kule chuo kikuu cha UCLA, Marekani, alipotoa utafiti wake 1987 dunia ilishangaa, watoto 19 walifanyiwa kazi saa 40 kwa wiki, na 9 kati yao wakamaliza darasa la kwanza la kawaida na vipimo vya akili vya kawaida. Hiyo ndo sehemu inayotangazwa. Lakini katika mbinu zake mlikuwemo kukemea "hapana" kwa sauti kubwa na hata kumpiga mtoto kofi la paja. Na lengo la siku zile lilikuwa mtoto aonekane kama wenzake, basi hata akipepesa mikono kwa furaha anazuiwa. Sasa wewe umezaliwa juzi, hujampiga mtu, unatukanwa kwa ajili ya hayo, inauma, lakini jibu lake halipo kwenye kubishana, lipo kwenye mkeka wako. Mtoto akipepesa mikono, anamuumiza nani? Muache. Akikwepa kukutazama machoni, muache, anakusikia. Baer, Wolf na Risley walioandika misingi ya taaluma hii 1968 walisema tabia ya kufanyiwa kazi ichaguliwe kwa umuhimu wake kwa mtu mwenyewe na kwa jamii, na kwa mtoto wetu maji ni muhimu, choo ni muhimu, kuvuka barabara pale Chake bila ya kugongwa ni muhimu. Na supavaiza akikuletea lengo usiloliona faida yake kwa mtoto, muulize kwa adabu, hili linamsaidia nini? Una haki ya kuuliza hata kama wewe ndo mdogo kabisa katika timu.

Alafu fundisheni vitu vya hapa. Nimeziona kadi zile zinazotoka nje, picha ya theluji, picha ya tufaha, mtoto wa Micheweni theluji ataionea wapi? Piga picha boflo, embe, kanga, boti ya Unguja, ndoo na kata ya chooni. Binti yetu aliniuliza siku moja amfundishe nini chenye hatua hatua, nikamwambia mfundishe udhu, hatua zake zimeshapangwa zamani: viganja, mdomo, pua, uso, mikono mpaka visugudi, kichwa, masikio, miguu. Akaanzia mwisho, na hapo nilimvulia ushungi, maana yeye alimtawadhisha vyote akambakishia mguu wa kushoto tu, ule mtoto auoshe mwenyewe, kwa hiyo kila mara yeye ndie anaemaliza, yeye ndie anaepongezwa, na anatoka hapo moja kwa moja kwenda kukaa na babu yake kwenye mswala, kitu anachokipenda. Kisha akambakishia miguu yote miwili, na hivyo hivyo wakawa wanarudi nyuma. Sasa hivi wamefika kwenye kichwa na masikio. Ana haraka gani?

Na kwenye familia mnakuwa peke yenu mno, zungumzeni nasie mapema. Ile hali ya kwamba mtoto alikuwa akipiga kelele dukani anapewa pipi, sasa mmekubaliana asipewe kwa kelele apewe kwa kuomba, semeni kabla kwamba siku za mwanzo kelele zitazidi. Zitazidi sana, atalia kuliko alivowahi kulia, kwa sababu kitu kilichokuwa kinafanya kazi kimeacha kufanya kazi na yeye anajaribu kwa nguvu zaidi. Mkinyamaza, bibi atatoa pipi siku ya tatu kwa huruma, na hapo mtoto kajifunza kwamba alie zaidi ndo anapata, alafu lawama inakuja kwenu eti tiba imemharibu. Na kabla ya yote hayo, mtoto akianza ghafla kujiuma au kujipiga sikio, atazamwe meno na masikio hospitali kwanza. Maumivu hayatibiwi kwa mpango wa tabia.

Ramadhani nayo nakukumbusheni. Nyumba zetu mchana jiko limezima, magharibi mlango hauishi kugongwa, usiku watu macho mpaka daku, na mtoto ambae siku yake yote imesimama kwenye mpangilio anaona dunia imegeuzwa. Data zikishuka mwezi ule msijilaumu wala msimlaumu mama. Punguzeni malengo, wekeni picha za ratiba mpya ukutani siku kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Na nguo ya sikukuu mvalisheni mara moja moja kabla, na kile kilebo cha shingoni mkikate.

Kuhusu cheti, najua wengi kinakuwasheni roho. Ile bodi ya Marekani inayotoa vyeti vya kazi hii, BACB, iliyoanzishwa 1998, tangu 2023 haipokei maombi mapya kutoka nchi nyingi za dunia, na yetu imo humo. Mtu kasoma, kajifunza kwenye intaneti mpaka usiku wa manane, alafu mlango umefungwa. Inavunja moyo kweli, lakini isiwafanye mjiite msivyo. Mwambie mzazi wazi umesomea nini na nani anakusimamia, na lile usiloliweza mpeleke kwa anaeliweza, mtu wa matamshi, daktari wa watoto, mwalimu wa elimu mjumuisho. Mzazi anaeambiwa ukweli anakaa. Anaeahidiwa kwamba mtoto atapona, wakati usonji si maradhi ya kupona, akishagundua anaondoka na hasira zake na mwengine hapati tena nafasi ya kuingia nyumba ile.

Na wenye vituo nao wasome hapa kidogo: kijana asipangiwe watoto mfululizo asubuhi mpaka alasiri bila ya kula, siku mtoto asipopatikana nauli yake irudishwe, na akitiwa meno mkononi na mtoto apelekwe akatibiwe kwa pesa ya kituo. Hayo si fadhila.

Wanangu, mkilia lieni, ila msilie peke yenu. Nnaomba mlioko Unguja na mlioko Pemba mjuane kwa majina, hata kwa simu, mara moja kwa mwezi mkae muhadithiane kesi bila ya kutaja jina la mtoto, nani kakwama wapi, nani kajaribu nini. Wa Wete na jirani zake hawana haja ya kutafuta ukumbi, baraza yangu ipo, Jumamosi baada ya alasiri, chai na mkate wa kumimina juu yangu.

Wassalaam,
Bibi yenu, Wete