Barua ya wazi kwa Katibu wa Huduma za Urekebishaji: vijana wa kesi za unajisi wanahitaji tiba

Mheshimiwa Katibu,

Mimi ni mshauri nasaha wa watoto hapa Pwani ya Kenya. Wengi ninaowahudumia ni watoto waliodhulumiwa kingono, na kwa ajili yao nakuandikia kuhusu vijana waliowadhulumu, ambao nao bado ni watoto.

Sheria tunayo. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai hadi miaka 12, na mtoto hafungwi jela. Kijana akipatikana na hatia ya unajisi, hakimu anaweza kumpeleka Borstal, yaani taasisi ya kurekebisha vijana, kwa muda usiozidi miaka 3. Shida inaanza hukumu ikishasomwa. Nimempokea kijana aliyetoka katika taasisi moja akiwa fundi wa kupiga randa, cheti mkononi. Nilipomtajia binamu yake mdogo aliyemdhulumu, aliinamisha kichwa, akasema muda wote aliokaa huko hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya jambo hilo.

Wengine hata kortini hawafiki. Wazee wanaketi, faini inalipwa, kijana anapandishwa matatu hadi kwa nyanya yake. Kwa nyanya kuna wajukuu wengine wadogo, naye mwenyewe haambiwi kwa nini ameletewa mvulana katikati ya muhula. Hili linanitia hofu kuliko kesi yoyote iliyo mahakamani.

Mheshimiwa, vijana hawa hawajapotea. Mwaka 2016 mtafiti Michael Caldwell alikusanya tafiti zilizohusu vijana zaidi ya 33,000, nyingi za Marekani, akaona kwamba katika takriban miaka 5 ni kama 5 tu kati ya 100 waliopatikana tena na kosa la kingono. Kuhusu tiba, mtafiti Charles Borduin na wenzake walichapisha mwaka 2009 jaribio la vijana 48, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya karibu miaka 9, asilimia 8 ya waliotibiwa pamoja na familia zao walikuwa wamekamatwa tena kwa kosa la kingono; kwa waliopata huduma za kawaida ilikuwa asilimia 46. Vijana 48 ni wachache, nakubali, lakini pengo hilo si la kupuuzwa.

Tiba yenyewe hufanyikia nyumbani. Mtaalamu anaketi na wazazi hadi waache kukana, kisha wanapanga mambo ya kila siku: kijana alale chumba gani, nani awe na watoto wadogo jioni mama akiwa sokoni, marafiki zake ni akina nani, shuleni anaendeleaje. Naye kijana anasaidiwa kutamka alichofanya na kumfikiria aliyemtendea. Ni kazi ya miezi kadhaa, na mtaalamu mmoja hushika familia chache tu kwa wakati mmoja.

Maafisa wako wa probesheni tayari wanaingia majumbani kuandaa ripoti za korti. Naomba uchague kaunti moja, uwafunze maafisa wachache tiba hii na uwapunguzie mafaili mengine, kisha matokeo yafuatiliwe na kutangazwa hata yakiwa mabaya. Na kuanzia sasa, kijana yeyote wa kesi hizi asirudishwe nyumba yenye watoto wadogo kabla afisa hajaikagua, mlezi hajaelezwa ukweli wote, na familia ya mtoto aliyedhulumiwa haijasikizwa.

Wako,
Mshauri nasaha wa watoto, Kilifi