Mnaouza nyumba Malindi, wekeni bei

Mhariri, hawa mabroka wa nyumba wanaoposti mtandaoni wanatuchosha jamani, picha kibao za swimingi puli na jua likizama baharini (Malindi hii jua linachomoza baharini, sijui picha wameitoa wapi), bei hakuna, eti njoo inboksi. Mtu anataka bei, mtaa, vyumba vingapi, halafu hati, ni frihodi (ardhi yako bila kikomo cha muda) au lisi (umekodishiwa kwa miaka fulani) na imebaki miaka mingapi, maana asiye raia kwa Katiba ya Kenya ya 2010 hapewi zaidi ya lisi ya miaka 99. Na maji! Semeni kama ni ya mfereji au ya kisima, yale ya chumvi yanayokula koki. Jikoni nako mbona hamuonyeshi?

Msomaji, Malindi