Asante wewe wa kundi la masomo

Wewe uliyejibu swali langu usiku wa manane, jina sikulijua, asante sana. Kozi ya uhasibu wa kati kwa mtandao ni ngumu. Mhadhiri kwenye video haulizwi kitu. Nilikwama kwenye hati fungani (hati za mkopo ambazo kampuni huwauzia wawekezaji) zinazouzwa kwa punguzo, yaani chini ya thamani iliyoandikwa juu yake. Ukanichorea mstari mmoja tu wa jedwali: hati ya 100,000, miaka 3, riba 8%, soko linataka 10%, inauzwa 95,026. Gharama ya riba ya mwaka wa kwanza 9,503 (10% ya 95,026), taslimu inayolipwa 8,000 (8% ya 100,000), tofauti ya 1,503 inapandisha thamani ya vitabuni, yaani ile inayoonekana kwenye hesabu za kampuni, hadi 96,529. Mistari iliyobaki ukaniachia nimalize mwenyewe (ulijua unachofanya!). Kurasa nzima za kitabu hazikunifikisha hapo. Ubarikiwe popote ulipo.