Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: baba alitia sahihi karatasi asiyoielewa

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Mbagala. Najua ofisi yako iko Dodoma na barua za watu kama sisi hupita mikono mingi, ndiyo maana hii nimeiacha wazi.

Baba yangu ana miaka 64 na sukari ya siku nyingi. Mwaka jana kipimo kilionyesha kuwa mishipa yake mitatu mikubwa ya moyo imeziba. Ikasemwa afunguliwe kifua, apandikiziwe mishipa mingine, mmoja wa ndani ya kifua na mingine ya mguuni, ili damu ipite pembeni kama magari yanavyochepuka daraja likikatika. (Baba aliposikia anawekewa “michepuko” alicheka mpaka mama akanuna.) Alitoka salama. Hospitali siitaji, sikuja kushtaki mtu. Nimekuja kwa sababu hatukuamua chochote. Tulikubali tu.

Fomu ya ridhaa ililetwa usiku wa kuamkia upasuaji, kwa Kiingereza. Baba aliishia darasa la saba. Akanigeukia: “Mwanangu, wameandika nini hapa?” Mimi na digrii yangu ya biashara nikakwama mstari wa nne. Nesi akasema ni kawaida tu, mzee aweke sahihi, hatari ni ndogo.

Sasa hilo neno hatari. Kwetu hatari ni fuvu la kichwa lililochorwa kwenye nguzo ya umeme: usiguse, utakufa. Ukimwambia mtu “hatari ni ndogo”, mmoja anasikia hakuna kitu, mwingine anasikia jeneza dogo. Kikao cha familia kiligawanyika hapohapo. Baba mdogo alikuwa hewani kutoka Tanga, shangazi anataka tujaribu dawa kwanza, mama anauliza jambo moja tu, “Kwa hiyo anapona au haponi?” Mgonjwa mwenyewe hakuna aliyemuuliza, nikiwemo mimi.

Baadaye nikaanza kusoma, na nikakuta majibu yapo, tena ya watu kama baba. Mwaka 2012 yalitoka matokeo ya utafiti uitwao FREEDOM, uliofuatilia wagonjwa 1,900 wa kisukari wenye mishipa mingi iliyoziba. Nusu walipasuliwa kama baba, nusu waliwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachopitishwa ndani ya mshipa kuupanua bila kufungua kifua. Baada ya miaka mitano, kati ya kila watu 100 waliopasuliwa walikuwa wamefariki kama 11. Upande wa stenti kama 16. Lakini kiharusi kiliwapata kama watano katika kila 100 waliopasuliwa, na kama wawili tu katika wale wa stenti. Hapo ndipo penye uamuzi, Mheshimiwa. Unaongeza nafasi ya kuishi, unaongeza pia nafasi ya kupooza. Yuko mzee atakayesema bora kuishi kwa namna yoyote, na yuko atakayesema afadhali afe kuliko kuogeshwa na wakwe zake. Daktari hawezi kulijua hilo kwa kuangalia picha ya mishipa.

Nilimsomea baba hesabu hizo juzi barazani. Alinyamaza kidogo, akasema angekubali vilevile, ila angeaga watu wake kwanza.

Wataalamu wana kikokotoo cha kukadiria nani anaweza kufia kwenye upasuaji (si kile cha pensheni, usishtuke). Kinachotajwa sana ni EuroSCORE II. Kinauliza umri, figo, nguvu ya moyo kusukuma damu, kama unachoma insulini, kama upasuaji ni wa dharura, kisha kinatoa asilimia. Ni chombo kizuri. Lakini kilitengenezwa kwa wagonjwa zaidi ya 22,000 wa mwaka 2010 kutoka nchi 43, na hospitali nyingi kati ya hizo zilikuwa za Ulaya. Mgonjwa wa Mbagala anayefika akiwa amechelewa, sukari imepanda na damu ya kuongezewa inatafutwa kwa ndugu, anahitaji pia kujua katika hospitali hii hii, kati ya mia waliofunguliwa kifua, wangapi walirudi nyumbani.

Na hatari yenyewe hupungua mtu akiandaliwa. Sukari ishuke, sigara iachwe wiki kadhaa kabla, dawa zipangwe. Baba alikuwa anameza klopidogreli, dawa inayozuia damu kuganda, ambayo kwa upasuaji usio wa dharura huachwa takribani siku tano kabla ili asivuje damu mno. Hakuna aliyemwambia. Tarehe ya kwanza ikaahirishwa akiwa tayari amefunga kula, na binamu zangu wanne wameshatoa damu. Simu moja ya wiki moja kabla ingetosha. Nauli za kutoka Tanga zilikwenda bure, lakini hilo ni dogo.

Mwaka 2021 tulibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, ili mshtakiwa aelewe anachoshtakiwa. Naomba mgonjwa apewe angalau hicho. Agiza fomu ya ridhaa ya upasuaji wa moyo iandikwe kwa Kiswahili, itaje idadi ya watu badala ya “ndogo” na “kubwa”, itaje kiharusi kwa jina lake, na imfikie mgonjwa siku kadhaa kabla, akae nayo, aulize. Kisha Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na kila hospitali inayofungua vifua nchini itangaze matokeo yake kila mwaka mahali ambapo hata mimi naweza kuyasoma.

Mama ameanza kupandisha presha. Kliniki yake ni mwezi ujao, na safari hii nitauliza maswali mapema.

Wako mtiifu,
Mtoto wa mgonjwa, Mbagala, Dar es Salaam